Fiti ni Mbao, Kuharibika ni Thao

Comrade, loan ya HELB imeingia. Simu imelia usiku wa manane, hostel nzima imeamka, corridor ni nduru tupu, na kuna msee tayari amepigia boda simu. By Sunday hiyo ganji imekauka. By Tuesday tumbo inakukata. By Thursday uko kwa class row ya nyuma, macho nyekundu, unameza painkiller bila maji. Mtu akikuuliza mbona uko hivyo unasema, "Ni msoto, buda. Campo ni ngumu."

Zii. Hapo nakukatalia. Msoto haijakudo kitu. Msoto ndio imekuweka hai hadi sai. Piga hesabu vizuri. Siku zenye ulikuwa umesota ulimanga chapo madondo, ukatembea na miguu, ukalala mapema juu bundles ziliisha. Siku zenye ulikuwa na doh ndio ulikata maji, ukachana, ukakesha, ukaamka kwa keja ya mtu hujui jina yake ya pili. Kuwa fiti kwa hii campo ni mbao. Kuharibika ndio kunataka thao. Na sisi, watu wa kulia msoto kila siku, tunachanga thao tuharibike.

Najua uncle wa family WhatsApp group ashaanza kutype "enzi zetu". Mwacheni atype. Ako na mambo mingi ya kusema leo, na karibu yote ni wrong.

MAMA WA KIBANDA AKO MBELE YA TIKTOK

Ingia kibanda yoyote ya Gate C hapo Juja saa saba mchana. Mabati, bench mbili, jiko ya makaa imewaka vinoma. Chapo iko kwa pan inafura, mathe anaigeuza na vidole, mafuta inaruka na hata hapepesi jicho. Madondo imechemka tangu asubuhi hadi supu imekuwa nzito. Anachota upawa mmoja. Anakuangalia sura. Anaongeza nusu. Hiyo nusu ni ya wale wasee husalimia vizuri, so jifunze kusalimia. Avocado kando, kachumbari juu, pilipili ya kukuamsha. Chapo mbili na hiyo squad yote ni soo na mbao, na ukitoka unashika ndizi ya ashu.

Hiyo sahani ni science. Maharagwe iko na lysine mob, kitu yenye ngano haina ya kutosha. Ngano nayo iko na methionine, kitu yenye maharagwe imekosa. Zikikutana kwa tumbo yako mwili inapata protini imekamilika bila kuguza nyama. Avocado inaleta mafuta poa. Kachumbari inaleta vitamin C, na hiyo vitamin ndio husaidia mwili kuvuta iron ya maharagwe. Influencer anakuuzia "bowl" ya hiyo hiyo maharagwe pale Westi na jirongo mbili. Mama wa kibanda alikuwa na hiyo menu kabla wewe uzaliwe.

Omena ndio inanibamba kabisa. Watu wa campo wanaionea aibu ati inanuka corridor. Wacha inuke! Unaikula na kichwa, na mifupa, na kila kitu, so calcium yote inaingia. Weka sukuma, weka ugali, alafu uende class ukiwa umeshiba protini bei ya nusu ya burger.

Sasa cheki side ingine. Chips soo, smokie mbili karibu soo, soda ya baridi. Umeshatoka rwabe na nusu, na saa kumi uko njaa tena. Na kuhusu smokie wacha nikwambie ukweli wote: mwaka wa 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za kiwandani, hizi sausage, bacon na family yote ya smokie, kwa kundi la vitu zenye zimeprove kuleta cancer, hasa ya utumbo mpana. Hiyo haimaanishi smokie moja ya Ijumaa itakumaliza. Inamaanisha smokie haifai kuwa breakfast, lunch, supper na personality. Pasua moja na kachumbari ukitoka town, enjoy, rudi kwa madondo.

Noodles pia, skiza. Sijasema uwache. Najua ile sufuria moja ya room: imepika noodles, imechemsha maji ya kuoga, imesonga ugali, na coil ikifichwa chini ya bed custodian akipita, sufuria ndio inaifunika. Heshima kwa sufuria. Lakini ile masala ya packet ni chumvi. WHO wanasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na packet moja inaweza kukula karibu nusu ya hiyo. Form ni hii: tumia masala nusu, vunja mayai mbili ndani, katia sukuma ya mbao. Same sufuria, dishi tofauti kabisa.

Kenye inachoma picha ni ile formula ya 0-0-1. Asubuhi zero, lunch zero, supper moja kubwa ya kupasua tumbo. Wasee wanaipost wakijidai. Hakuna swag kwa kulala desk lecturer akiona.

ULCERS: HAPA UNCLE ANAANGUKA MTIHANI

Kila campo iko na msee wa ulcers. Uncle anasema ulcers ni njaa. Mathe anasema ni kufikiria sana. Aunty anasema ni pilipili. Wote zero.

Mwaka wa 1984 daktari wa Australia anaitwa Barry Marshall alikunywa bakteria live. Alichukua Helicobacter pylori, akaichanganya, akaimeza, tumbo ikamchachia, akaprove kwa mwili yake mwenyewe hiyo bakteria inavuruga tumbo. Mwaka wa 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Huyo ndiye msee wa kuskizwa.

So ulcers nyingi zinaletwa na mambo mbili. Ya kwanza ni hiyo bakteria, na mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kujua. Ya pili ni painkillers za aina ya ibuprofen, diclofenac na aspirin, zenye unameza ovyo ovyo. Na hapo comrade ndio anajimaliza. Kichwa ikiuma, Brufen. Mgongo ikiuma, diclo. Hangover, tena diclo. Tumbo tupu, kila wiki, hakuna mtu amemshow adose hivyo. Njaa inaweza kufanya kidonda iume zaidi, lakini haijaichimba.

Tumbo ikikusumbua wiki nzima, enda upimwe H. pylori. Ni test ya choo ama ya pumzi. Ikipatikana unapewa antibiotics na dawa ya kupunguza acid, unamaliza dose yote, story inaisha. Miaka yote ya kunywa maziwa juu ya kidonda ilikuwa ya bure. Na ukiona choo imekuwa nyeusi ti ama umetapika damu, hiyo sio ya kungoja Monday. Ni hospitali, sai.

TRANSNIGHT NI KUJIIBIA

Week ya CAT ikifika, library inajaa wasee wa kujidai. "Sijalala tangu jana." Ati hiyo ni flex. Buda, hiyo ni confession.

Watafiti wa Australia walipima hii kitu mwaka wa 1997. Mtu akikaa macho masaa 17, akili inafanya kazi sawa na ya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwa damu. Akifika masaa 24, inakuwa karibu 0.10. So ukikesha usiku mzima ndio uingie paper ya saa mbili, umeingia mlevi. Mlevi hajakunywa hata tone. Hata sherehe hukupata.

Na kuna kitu hawakushow high school. Ubongo inapanga masomo ukiwa umelala. Chenye ulisoma saa tatu usiku kinawekwa mahali pake ukidoz. Ukikataa kulala, umejaza notes kwa bag iko na shimo. Mtu mzima anahitaji masaa 7 kuenda juu. Msee wa kusoma hadi saa nne, akalala, akaamka saa kumi na moja kurevise, huyo ndiye anakushinda, na pesa hajatumia.

Juu sasa cheki bei ya kukesha. Energy drink moja ni karibu soo, na msee hanywi moja. Caffeine ikiingia mwilini, masaa karibu tano baadaye nusu bado iko. So ile ya saa nne usiku bado inakupiga roho saa tisa. Wataalamu wanasema mtu mzima mwenye afya asipitishe miligramu 400 za caffeine kwa siku. Nusu lita ya energy kawaida inabeba karibu 160. Ongeza strungi, ongeza kahawa ya sachet, ongeza ingine ya kuamka asubuhi, ushafika. Ndio maana roho inadunda, mikono inatetemeka, na unadhani umelogwa.

Alafu kuna jaba. Na muguka. Na njugu karanga, na Big G, na soda ya kuteremsha. Mei 2024 Mombasa ilipiga muguka marufuku, Kilifi ikafuata, Embu ikalia juu hiyo ndio mkate yao, korti ikaingia ikasimamisha. Wazee wakapigana kwa TV wiki nzima kuhusu pesa. Hakuna mtu alibonga na comrade kuhusu mwili. Wacha mimi nibonge.

Ndani ya hayo majani kuna cathinone, cousin wa amphetamine. Inakunyang'anya usingizi na appetite pamoja. Ukichana unasoma pages mob, handas imekushika, unaona uko genius. Asubuhi unaamka, ama hujalala, na kitu imebaki kwa kichwa ni kidogo. Njaa ikaisha, so hukukula. Usingizi ikaisha, so hukulala. Roho inaenda mbio. Siku inayofuata uko down, umenuna, umekatia kila mtu. So unachana tena ndio urudi normal. Kila day ni soo mbili, soo tatu. Piga hiyo mara semester. Hiyo ni laptop, manze.

SHEREHE: TUBONGE BILA KELELE

Julai 2025 serikali ilitoa sera inataka age ya kunywa itoke 18 iende 21. Uncle alipiga makofi hadi mikono ikauma. Sisi tukacheka, na tuko right kucheka. Comrade wa miaka 19 hamalizwi na birth certificate. Anamalizwa na chenye kiko ndani ya chupa na kenye marafiki wanafanya akianguka.

Chupa kwanza. Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walidedi na wengine wakapoteza macho juu ya pombe ya bei rahisi. Walikuwa watu wazima, wengi wamepita hiyo 21 kitambo. Methanol ikiingia mwilini inageuka acid yenye inashambulia neva za macho. Haina harufu ya kukuonya. So ukinunua mzinga na bei haimake sense, stamp ya KRA inakaa imebandikwa na mate, seal imelegea, iwache hapo. Na ukikunywa kitu, masaa kadhaa baadaye uanze kuona ukungu, tumbo ikaume, pumzi ikaenda mbio, usilale "ipite". Kimbia hospitali. Iko na dawa, lakini saa ndio inaamua.

Pili, kuzima. Mbogi inacheka, "Jana ulizima, hukumbuki ulidance juu ya meza." Kuzima ni ubongo imewacha kurekodi. Sehemu ya ku-save memory imezimwa na pombe na wewe bado unatembea, unabonga, unatoa PIN ya M-Pesa. Hiyo sio story ya kubamba. Hiyo ni saa yenye unaibiwa, unawekewa mchele, unapatwa na mambo huwezi eleza.

Tatu, bro code ya ukweli. Msee akianguka, usimlaze chali. Akitapika akiwa chali, matapishi inaingia kwa njia ya pumzi na anakufa mkiwa hapo room mnasema "mwacheni adoz". Mlaze kwa ubavu, goti moja mbele, kichwa imerudishwa nyuma kidogo, na mtu akae naye. Akikataa kuamka, pumzi ikiwa slow, midomo ikageuka blue, hiyo ni hospitali hata kama mtachomeka. Wazazi wakijua, wajue. Bora wajue kwa simu yako kuliko ya mortuary.

Na hizo dawa za hangover, wacheni kudanganyana. Supu ya mutura ni tamu. Kahawa iko sawa. Shower ya baridi inakuamsha. Hakuna hata moja inatoa pombe kwa damu. Ini ndio hufanya hiyo job, na huifanya mos mos, karibu kinywaji kimoja kwa saa. Huwezi iharakisha. Kula kabla ya kunywa, kunywa maji katikati, na toka nyumbani na pesa yenye umeamua. Hiyo ndio formula yote, na inacost sahani moja ya ugali.

Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, so ile ya "chini ya maji" unalipia bei ya risk. Vape yenye flavour ya strawberry ni nicotine na charger. Na vile vifuko vya kuweka chini ya mdomo pia ni nicotine. Msee anasema "mimi sivuti" na mfuko iko kwa gum. Wewe unavuta, umebadilisha mlango tu.

ROOM IKIWA NA EXILE

Roomie amekutumia text: "Buda, nipee two hours." Umeenda exile na blanket yako. Sawa, ni maisha. Lakini wacha tubonge kuhusu hiyo room imefungwa, juu hapo ndio kelele ya uncle ni mingi na info ni kidogo.

Campo nzima inaogopa ball kuliko virusi. Dem anakimbia chemist asubuhi na soo mbili ya P2, chali anajifanya anatie viatu. Alafu wote wanapumua, ati imeisha. Haijaisha.

P2 inafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. So haraka ndio kila kitu: inafaa uitumie ndani ya masaa 72, na kadri unavyochelewa ndio nguvu inapungua. Kama yai ishatoka, haisaidii. Aunty anasema itaharibu uzazi. Hiyo ni uongo, haiharibu. Lakini kuifanya breakfast ya kila weekend itavuruga period hadi usijue uko wapi, na bado kuna njia poa zaidi. Sindano inashika miezi mitatu. Ile ya mkono inashika miaka 3 ama 5, according na aina. Kwa health centre ya serikali unapewa bila kuuza figo.

Na P2 haijui virusi. Haijui gonorrhoea. Haijui syphilis. Yenye inajua hizo zote ni CD, yaani condom, na hizo huwa kwa dispenser ya choo, free, zinakaa hapo zikikungoja huku unaogopa kuonekana ukichukua. Chukua! Mtu mwenye anachoma picha ni yule hakuchukua.

CD ikipasuka ama hukutumia, kuna kitu inaitwa PEP. Unaanza ndani ya masaa 72, mapema ndio better, na unakunywa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Inazuia HIV isijishikilie. Iko kwa hospitali za serikali. Kuruka ruka, kukojoa haraka, kuoga na Dettol, kunywa soda baridi: hizo zote ni comedy. Kama unajijua uko kwa risk mara kwa mara, uliza mapema PrEP, dawa ya kuzuia HIV yenye unakunywa kabla ya risk.

Pimwa. Pimeni wote wawili, kabla room ifungwe. VCT ni free, na kuna kit ya kujipima mwenyewe na mate ya ufizi. Ikisoma positive, unaenda hospitali waconfirm, unaanza ARVs, unaendelea na degree yako. Mtu mwenye anakunywa dawa vizuri hadi virusi haionekani kwa test hapitishi HIV kwa sex. Hiyo iko wazi kwa science kitambo sana. Mwenye bado anacheka mtu juu ya status ndiye ako nyuma.

Na kama mtu alikulazimisha, ama uliwekewa mchele, hiyo sio aibu yako hata kidogo. Usioge. Usifue nguo. Enda hospitali ndani ya masaa 72, upate PEP na P2 na ripoti ya daktari. Piga 1195, laini ya dhuluma za kijinsia, ni free, usiku na mchana.

GYM YA CEMENT INASHINDA GYM YA MALL

Trend sai ni run club. Jumamosi asubuhi, matching set, njumu za thao kumi, saa ya kupima roho, alafu kilomita mbili na brunch ya thao mbili. Napenda run club, nasema ukweli. Watu wamewacha kuamka na hangover, wanaamka na Strava. Lakini usiambiwe bila hiyo kit huwezi.

WHO wanataka dakika 150 za kuamsha mwili kwa wiki. Kutembea haraka kunahesabika. Kutoka Gachororo hapo Juja kuenda class na kurudi, kila siku, ushamaliza hiyo job na nauli iko kwa mfuko. Wasee wa UoN mko na Arboretum hapo State House Road, miti imepandwa tangu 1907. Na kila mtaa iko na ile gym ya mabati: vyuma ni debe za cement, bench imeshonwa na tairi, trainer ni msee anaitwa Rambo mwenye hajawahi kuona protein shake. Rambo ako na mwili kukuliko.

Tub ya whey ni thao kadhaa. Yai moja iko na karibu gramu 6 za protini, na boilo ya kando ya barabara ni mbao na kitu. Tatu kwa siku na madondo, umefika. Eliud Kipchoge alikimbia marathon kwa 1:59:40 huko Vienna, Oktoba 2019, na ameeleza dunia mara mob vile anapenda ugali. Hakuna supplement ya TikTok iko na hiyo CV.

KICHWA PIA NI MWILI

Hapa sasa nashusha sauti kiasi, juu hii inauma.

Mnajua yule roomie mwenye amewacha kuoga. Amewacha class. Analala mchana, usiku ako kwa Aviator akitafuta kurudisha fee yenye alicheza. Mkeka imechanika, amekopa app tatu, simu za wadeni anazikata. Anacheka kwa group, lakini ukiingia room ghafla unapata anaangalia ukuta. Na uncle anasema, "Depression ni ya wazungu. Sisi tulitembea kilomita kumi bila viatu."

Uncle, hapana. Hapo umekosea vibaya zaidi ya zote. Tumezika wasee campo. Kila mtu anasoma hii ako na jina moja kwa kichwa. Walikuwa na marafiki, walikuwa na uncle, na hakuna mtu aliwauliza mara ya pili.

So uliza mara ya pili. Msee akisema "niko poa" na unaona hako poa, kaa hapo. Mwambie, "Buda, sijaona uko poa. Nishow." Muulize straight kama anafikiria kujimaliza. Kuuliza hakumpei hiyo idea. Kunampea mlango. Januari 2025 High Court ya Kenya ilisema ile sheria ya kushtaki mtu mwenye amejaribu kujiua inaenda kinyume na Katiba. So hatutafuti polisi, tunatafuta daktari. Simu ya Red Cross ni 1199, ni free, unabonga na mtu anaskiza. Kama ni tei ama jaba imekushinda, NACADA wako 1192, pia free. Counsellor wa campo ako hapo na office yake haina queue. Ingia. Mwenye anaingia ndiye ako na akili.

Na betting, futa hiyo app. Sio juu ya dini. Ni juu imetengenezwa na wasee wamesoma maths kukuliko, kazi yao ni wewe ushindwe mos mos.

FORM YA WIKI HII

Comrade, hakuna kitu nimekuambia hapa inahitaji sponsor. Dial *147#, jiregister kwa bima ya afya ya SHA, ndio ukiugua uende dispensary ama health centre ya serikali, level 2 na 3, mahali huduma za msingi zinafaa kuwa bila malipo kwa mwenye amejiregister. Save hizi tatu kwa simu: 1199, 1195, 1192. Kula madondo bila aibu. Lala. Chukua CD kwa dispenser na kifua mbele. Mlevi mlaze kwa ubavu.

Alafu Jumamosi hii, kabla ya sherehe, shika mkono ya roomie mwende VCT pamoja. Ni free, ni haraka, na mkitoka mtakuwa mnajua kenye wengi kwa hiyo hostel wanaogopa kujua. Twende.